Mgonjwa Hewa Hulipiwa na Mgonjwa wa Kweli

Hotuba iliyotolewa baada ya ibada katika ukumbi wa kanisa, Mountain View, Nairobi, mbele ya washarika na wanaharakati wa mageuzi



Nimeombwa kuzungumza juu ya ufisadi katika matibabu yanayolipiwa kwa fedha za umma. Lakini kabla ya kunyoosha kidole kwa mtu, sina budi kujinyooshea mwenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa karani wa bili katika hospitali moja ya binafsi katika jiji hili. Jina lake sitalitaja. Sikuja hapa kumshtaki mwajiri wangu wa zamani, nimekuja kuungama.

Kazi yangu ilikuwa kuandika madai yaliyopelekwa kwa bima ya taifa ya afya, ile tuliyoijua sote kwa jina la NHIF. Mgonjwa aliyekaa saa mbili, akapewa dawa na kwenda zake, mimi nilimwandika kuwa alilazwa siku mbili. Muhuri wa daktari ulikaa katika droo ya meza yangu. Mwenye muhuri huo alifika kwetu labda mara moja kwa mwezi, lakini kwa mujibu wa makaratasi yangu aliwatibu watu usiku na mchana, hata sikukuu ya Krismasi. Hakuna aliyeniita mwizi. Waliniita mfanyakazi hodari.

Siku moja alikuja dirishani mama mmoja muuza mboga, ameshikwa mkono na mwanawe. Majuma mawili kabla ya hapo alikuwa amefika kwetu kuchukua tembe za shinikizo la damu. Sasa alikuwa ameugua kweli, akaenda hospitali nyingine, na huko akaambiwa kwamba hawezi kulazwa kwa bima, kwa kuwa mtambo unaonyesha bado yumo katika wodi yetu. Aliniuliza kwa upole, kama mzazi anavyomuuliza mtoto: “Mwanangu, mimi nililala hapa lini?”

Sikumjibu. Nilimwita meneja, na meneja akalifuta jina lake katika mtambo kwa dakika tatu. Kwa siku nzima yule mama alikuwa ameketi katika benchi ya hospitali ile nyingine, huku mwanawe akizunguka kwa jamaa kutafuta fedha za amana. Alipona, namshukuru Mungu. Nami niliendelea na kazi ile mwaka mzima zaidi, kwa sababu nilikuwa na karo ya kulipa. Hilo ndilo ungamo langu, na nimelibeba hadi leo.

Wizi huu hufanywaje?

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Natuyafunue maradhi haya tuyaone.

Njia ya kwanza ni mgonjwa hewa: jina lipo, kitambulisho kipo, lakini hakuna aliyetibiwa. Njia ya pili ni kumgeuza mgonjwa wa nje kuwa mgonjwa wa kulazwa, kama nilivyofanya mimi. Njia ya tatu ni kukuza huduma: mama amejifungua kwa njia ya kawaida, karatasi inasema amepasuliwa. Njia ya nne ndiyo ya kutisha kuliko zote: mtu anapasuliwa kweli, bila kuwa na haja ya kupasuliwa, ili bili ipatikane. Mwezi Juni 2023 runinga ya NTV ilionyesha habari za wazee waliochukuliwa vijijini kwa ahadi ya matibabu ya bure, wakafanyiwa upasuaji, na bima ya taifa ikatozwa. Baada ya taarifa hiyo Waziri wa Afya wa wakati huo, Susan Nakhumicha, alisimamisha hospitali kadhaa.

Njia ya tano hutangulia hizi zote, nayo ni cheti. Bima hailipi kila mtu kiwango kimoja. Hulipa kwa kufuata ngazi ya kituo, na ngazi hutokana na leseni: vitanda vingapi, vyumba gani, wataalamu wa aina gani. Kwa hiyo mwenye zahanati akijipatia leseni ya hospitali asiyostahili, au akitundika ukutani cheti cha daktari ambaye hayupo, hahitaji kughushi bili moja moja. Ameghushi chemchemi, na maji yote yatokayo humo ni machafu.

Haba na haba hujaza kibaba

Wapo watakaosema kwamba hizi ni fedha za serikali, si zetu. Nawaomba tufanye hesabu pamoja, taratibu.

NHIF iliundwa mwaka 1966. Tarehe 1 Oktoba 2024 ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2023. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini kikawekwa shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 3,600. Yule muuza mboga wa pale jukwaani Kangemi hutoa hizo kwa kuacha kitu kingine.

Sasa tazameni upande wa pili wa daftari. Katika viwango vilivyotangazwa wakati SHA inaanza, kitanda cha siku moja katika hospitali ya ngazi ya nne kililipiwa shilingi 3,360. Yaani usiku mmoja wa uongo, kitanda kimoja ambacho hakuna aliyekilalia, humeza karibu mchango wote wa mwaka wa mama yule. Kujifungua kwa kawaida kuliwekewa shilingi 10,000, na kwa upasuaji shilingi 30,000. Karani akibadilisha neno moja tu katika fomu, ameiba shilingi 20,000, yaani zaidi ya miaka mitano ya michango ya mama huyo. Mimi nilikuwa nikibadilisha maneno kabla ya chai ya saa nne.

Mwezi Agosti 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kwamba SHA ilikuwa imekataa madai ya shilingi bilioni 10.6. Yafaa tuwe waadilifu: si kila dai lililokataliwa ni wizi. Mengine ni makosa ya karani aliyechoka, mengine ni karatasi zilizopungua. Lakini mwezi huo huo vituo kadhaa vilisimamishwa kwa kulaza wagonjwa hewa, kukuza bili na kughushi kumbukumbu. Na katika mwaka huo huo wa 2025 ilitangazwa kwamba Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lilikuwa limefunga vituo 728 na kuvishusha ngazi vingine 301. Jiulizeni: vituo hivyo 301 vilikuwa vikidai kwa ngazi gani kabla ya kushushwa?

Anayeumia si mchangaji peke yake. Hospitali iliyo ya haki nayo huumia. NHIF ilipofungwa iliacha deni la takribani shilingi bilioni 30 kwa hospitali, zikiwamo za misheni zinazohudumia watu wa mbali. Mfuko ukitobolewa na wezi, mwaminifu husubiri malipo hadi anashindwa kununua dawa. Ndipo mgonjwa huambiwa aende akanunue glavu na sindano kwenye duka la mtaani.

Daktari ni nani?

Sisi Wakenya tuna ukarimu wa kumwita kila aliyevaa koti jeupe “daktari”. Ukarimu huo unatugharimu. Daktari huandikishwa na KMPDC. Muuguzi na Baraza la Wauguzi. Ofisa wa kliniki na baraza lao. Mfamasia na Bodi ya Famasia na Sumu. Haitoshi kwamba mtu alisoma. Hutakiwa awe na kibali hai cha kutenda kazi, kinachofanywa upya kila mwaka, na kituo nacho kiwe na leseni yake. Ofisa wa kliniki na muuguzi ni wataalamu wa kuheshimiwa. Wao ndio wanaobeba zahanati zetu. Kosa ni kujifanya usiye.

Tunalikumbuka jambo la Mugo wa Wairimu. Mwaka 2015 kliniki yake ya Githurai ilifichuliwa, naye hakuwa daktari. Alishtakiwa, na kesi ikiendelea, mwaka 2018 alipatikana tena akiwa na kliniki nyingine huko Kayole. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2022. Kati ya kufichuliwa na kuhukumiwa ilipita miaka saba. Nawauliza: katika miaka hiyo saba, ni majirani wangapi waliosoma karatasi iliyotundikwa ukutani kabla ya kuvua shati wapimwe?

Wala tusidhani cheti cha uongo ni ugonjwa wa mitaa ya chini. Mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa matokeo ya uchunguzi wake katika taasisi 331: vyeti vya watumishi 2,067 vilionekana kuwa vya kughushi. Hao wote si watu wa hospitali. Ni watumishi wa umma wa kila aina. Lakini mnaona jinsi udongo ulivyo.

Na hapa pana uchungu mkubwa. Mwezi ule uliofuata, tarehe 14 Machi 2024, madaktari waligoma kwa siku 56. Moja ya madai yao makuu lilikuwa kwamba madaktari vijana waliohitimu wapelekwe hospitalini kufanya mafunzo ya kazi, na walipwe kama mkataba ulivyosema. Basi mwenye cheti cha kweli alisimama barabarani akipuliza firimbi, na mwenye cheti cha uongo aliketi ofisini akipokea wagonjwa. Nchi ikifika hapo haiumwi kichwa. Inaumwa moyo.

Jambo hili ni la mageuzi

Wapo watakaouliza hili lina uhusiano gani na siasa ya vyama vingi. Uhusiano ni wa damu.

Wazee waliomo humu wanakumbuka Saba Saba ya 1990, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kilipofutwa. Tulidhani tukipata vyama vingi tumepata kila kitu. Lakini katika miaka ile ile, kati ya 1990 na 1993, hazina ya taifa ilikuwa ikifyonzwa na Goldenberg. Serikali ililipa fidia kwa dhahabu na almasi zilizosemekana kuuzwa nje, wakati biashara hiyo ilikuwa ya makaratasi. Dhahabu hewa ya siku zile na mgonjwa hewa wa siku hizi ni ndugu wa tumbo moja: andika kisichokuwapo, piga muhuri, lipwa. Na aliyeufichua uovu ule hakuwa waziri wala mbunge. Alikuwa David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu. Alipoteza kazi yake, akaishi kwa dhiki, akafariki mwaka 2006. Nchi ilimsifu alipokuwa hana tena haja ya sifa.

Mwaka 2012 bima ya taifa iliingia katika kashfa ya mpango wa matibabu ya watumishi wa umma. Fedha zililipwa mapema kwa kuhesabu vichwa vya watu walioandikishwa, na mbele ya Kamati ya Bunge ya Afya kukaja madai kwamba kampuni mbili, Clinix na Meridian, zililipwa pia kwa kliniki ambazo hazikuwapo. Waziri Anyang' Nyong'o aliisimamisha bodi. Kelele zilikuwa nyingi. Kisha zikatulia, na makarani kama mimi tukarudi mezani.

Mfuko ulibadilishwa jina mwaka 2024. Jina jipya si uongofu mpya. Mwezi Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alieleza kwamba mtambo wa kompyuta wa SHA, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, haukuwa mali ya serikali. Waziri atakapofunga zahanati ya mtaani tutampongeza, ikiwa imeiba. Lakini tutauliza pia juu ya mikataba iliyotiwa saini ghorofani. Sheria inayomkamata mwizi wa kitanda kimoja na kumpigia saluti mwizi wa hospitali nzima bado haijawa sheria.

Katiba ya 2010 imetupa silaha, nasi tumeiacha kabatini. Kifungu cha 43 kinasema afya ni haki. Kifungu cha 35 kinampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza ipo tangu 2016. Twaweza kuuliza, kwa barua iliyoandikwa vizuri na kutiwa sahihi: kila kituo kilicho katika wadi hii ya Mountain View kina leseni ya ngazi gani, kina vitanda vingapi, na kililipwa kiasi gani mwaka uliopita? Hatuombi jina la mgonjwa yeyote wala ugonjwa wake. Tunaomba hesabu ya fedha zetu.

Paa la ukumbi huu

Sasa nafika kwenye jambo lililonitoa usingizini majuma haya mawili, na naomba wazee wangu wanisamehe.

Sote twajua kwamba paa la ukumbi huu linavuja. Twajua pia kwamba kituo kimoja cha matibabu, ambacho jina lake sitalitaja, kimeomba kufanya hapa siku ya upimaji wa bure kwa wazee wetu. Kila mzee aje na kitambulisho na simu yake, aweke kidole, asajiliwe. Na kwa shukrani, kituo kitatuletea mabati. Kamati iko karibu kukubali. Mimi ni mmoja wa wanakamati.

Sisemi watu hao ni wezi. Sina ushahidi huo, na kumsingizia mtu ni dhambi kama kuiba. Lakini nilipouliza leseni yao ni ya ngazi gani, niliambiwa italetwa. Nilipouliza kila mzee atakayeweka kidole atapewa karatasi gani inayosema ametibiwa nini na bima imetozwa kiasi gani, niliambiwa hayo ni mambo ya ofisi. Mimi nilikaa katika ofisi hiyo miaka kumi na mmoja. Nayajua mambo ya ofisi.

Mmesoma habari za yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Bwana alimwita binti. Hakumuuliza kitambulisho. Je, sisi tutawakusanya binti za Bwana chini ya paa hili, wawekwe katika orodha ya mtu tusiyemjua, ili mabati yapatikane? Mvua ikinyesha juu ya mabati hayo, tutasikia sauti gani?

Kwa hiyo naleta mapendekezo matano, nayo yapigiwe kura leo.

Kwanza, siku hiyo isifanyike mpaka leseni ya kituo na vibali vya kila mtaalamu atakayekuja viwe mezani, na majina yao yalinganishwe na sajili za mabaraza yao. Sajili ya KMPDC iko wazi kwa umma. Vijana wetu wenye simu wataifanya kazi hiyo kwa nusu saa.

Pili, hakuna mzee atakayeweka kidole wala kutaja nambari ya siri iliyotumwa kwenye simu yake kabla ya kusomewa, kwa lugha anayoielewa, ni huduma gani inayodaiwa. Kila mmoja apewe nakala.

Tatu, mabati tukatae. Tutachanga wenyewe, hata ikichukua miaka miwili. Anayetoa huduma ya haki hana haja ya kuinunua njia.

Nne, barua ya kuomba habari kwa mujibu wa Kifungu cha 35 iandikwe, na itiwe sahihi na kila mshirika atakaye. Nakala ichapishwe katika jarida hili, na jibu nalo lichapishwe. Wakikaa kimya, kimya chao kichapishwe.

Tano, na hili ni gumu. Miongoni mwenu wapo wauguzi, makarani na maofisa wa kliniki ambao hivi sasa wanaandika kama nilivyoandika mimi. Nawajua kwa macho, maana mmeinama. Wala sitaki mje mbele. Nataka kanisa hili liahidi kwamba mfanyakazi atakayesema kweli akafukuzwa, tutamlipia kodi ya nyumba miezi mitatu na karo ya mwanawe muhula mmoja, na kumtafutia wakili. Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 humlinda mtoa habari kwa kiasi, lakini sheria haipiki ugali. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya karo. Kama mtu angeniambia karo ipo, huenda yule mama asingeuliza swali lile mara mbili.

Mtaani watu humtania Rais kwa jina la Zakayo, nasi hucheka. Tusisahau kwamba Zakayo wa Injili alishuka mtini, akasema atarudisha mara nne. Mimi siwezi kurudisha mara nne. Sikumbuki hata idadi ya siku nilizoandika. Lakini nimeanza kwa kulipa mchango wa mwaka wa mama mmoja muuza mboga. Yeye hajui kwa nini. Na mwaka ujao nitalipa tena.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba mapendekezo hayo yasomwe moja baada ya jingine, na kila mtu ainue mkono wake mwenyewe. Mungu aibariki Kenya.